Kufunga sola kwenye nyumba ya zamani Tanga: anza na paa

Paneli nzuri ya sola hupewa dhamana ya miaka 25, na aghalabu huendelea kuzalisha umeme hata baada ya hapo. Bati la geji 30 lililopigwa enzi za babu, likapigwa na hewa ya chumvi ya Ghuba ya Tanga masika na kiangazi, halitafika huko. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kufunga sola kwenye nyumba zetu za Ngamiani, Chumbageni na Usagara. Wateja wengi huanza dukani: wati ngapi, betri gani, inveta ipi (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani). Mimi ni fundi, nami huanza na ngazi. Fedha ukiwa nazo kidogo, zitangulize kwenye paa. Sola inaweza kungoja miezi sita, lakini paneli zikishafungwa juu ya bati bovu, kubadilisha bati hilo ni kufungua kila kitu na kulipa ufundi mara mbili.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya mji wetu: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, kuta za udongo na miti au mawe na chokaa, paa la bati. Mwenye nyumba ya Bagamoyo atakuta mengi ni yale yale.

Kwanza, kubalianeni nyumbani

Nyumba nyingi za zamani ni za urithi. Bibi kaacha watoto saba, mmoja yuko Dar, mwingine Muheza, na vyumba vya mbele vina wapangaji. Anayetaka sola ni yule anayeishi humo, lakini bati analotaka kulitoboa si lake peke yake. Mpigie shangazi, mpigie baba mdogo, waeleze kabla fundi hajaja. Kisha andikeni karatasi moja yenye mambo matatu: paneli ni mali ya nani, paa likivuja hapo zilipofungwa nani atatengeneza, na nyumba ikiuzwa au kugawanywa sola itahesabiwaje. Wakubwa wawili wa familia wasaini. Nimeona ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya betri, na karatasi hiyo haigharimu kitu.

Kama umeme utafika kwenye vyumba vya wapangaji, nao waambiwe mapema nini kinaruhusiwa. Pasi moja ya wati 1200 ikichomekwa saa mbili usiku humaliza kwa muda usiofika saa moja chaji iliyokuwa ya feni za nyumba nzima.

Nyumba ikiwa ya kihistoria, hasa ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo au yale majengo ya zamani ya Tanga mjini, ulizia kwanza halmashauri na watu wa Mambo ya Kale. Majengo ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kutoboa paa lake bila ruhusa ni kujitafutia kesi.

Kagua paa, kwa chini na kwa juu

Anza ndani. Ingia darini na tochi saa sita mchana, jua likiwa kali, kisha uizime tochi na ungoje macho yazoee giza. Kila tundu la msumari lililolika litaonekana kama nukta ya mwanga. Nukta mbili tatu hazitishi, hizo huzibwa. Ukiona mstari mzima wa nukta kwenye kila pau (mbao ya kulala inayopigiliwa bati), bati hilo limeshachoka, libadilishe.

Kisha washa tochi tena, chukua bisibisi bapa, uende kwenye mbao. Nyumba za zamani zina mchanganyiko: kenchi (fremu kuu zinazobeba paa) za mbao ngumu hapa, boriti za mikoko pale, na mahali pengine mbao laini iliyowekwa juzi na fundi wa haraka. Usiridhike na macho. Mchwa wa pwani huacha ngozi ya juu ya mti ikiwa nzima na kula ndani. Bonyeza ncha ya bisibisi kwenye mti, hasa pale unapoingia ukutani na pale maji yalipowahi kuvuja. Mti mzima hukataa. Bisibisi inaacha alama ndogo tu. Mti mbovu hupokea ncha bila ubishi, na ukiichomoa unafuatwa na unga wa rangi ya kahawia na harufu ya uvundo. Gonga pia kwa mpini: mlio mkavu ni mzima, mlio mzito usio na mwangwi ni wa kutilia shaka. Weka alama ya chaki kwenye kila mti ulioupima, tiki kwa mzima na msalaba kwa mbovu, maana ukishapanda juu hutakumbuka ni upi.

Angalia umbali kati ya pau na pau, na kati ya kenchi na kenchi. Andika vipimo. Utavihitaji.

Sasa panda juu. Umande wa asubuhi kwenye bati ni utelezi mtupu, kwa hiyo subiri ukauke, lakini maliza kabla ya saa tano maana baada ya hapo bati linaunguza viganja. Kanyaga kwenye mistari ya misumari tu. Hiyo mistari ndiyo inayokuonyesha pau zilipo chini. Ukikanyaga katikati, bati la zamani linabonyea na hapo ndipo litakapovuja mwakani. Weka ubao mrefu wa kutembelea, jifunge kamba iliyokazwa upande wa pili wa mgongo wa paa, na usipande peke yako.

Kuna mapaa matatu ambayo sifungi paneli juu yake hata nikiombwa vipi. La kwanza ni la makuti, kwa sababu cheche moja tu inatosha kuiteketeza nyumba na ya jirani. La pili ni la shuka za asbesto, zile nene za kijivu zinazofanana na saruji, ambazo bado zipo kwenye baadhi ya nyumba zilizojengwa na mashirika zamani. Ukizitoboa unatoa vumbi la nyuzinyuzi linaloingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi, kansa ikiwemo. Usitoboe, usikate, usisugue. La tatu ni lile lililojaa misalaba ya chaki. Kwa mapaa haya, jenga fremu ya chuma uani juu ya nguzo zilizozikwa kwa zege, mradi kusiwe na kivuli.

Piga hesabu ya matumizi

Hapa nitakwenda haraka, ni hesabu ya kuzidisha tu: wati za kifaa mara saa kinazotumika kwa siku. Chukua familia ya kawaida. Taa 6 za LED za wati 7 kwa saa 5 ni 210. Feni 2 za wati 55 kwa saa 8 za usiku ni 880. Runinga ya wati 50 kwa saa 5 ni 250. Simu nne, tuseme 40. Friji ndogo iliyo nzima, kama 900 kwa siku. Jumla ni wati-saa 2280.

Nyingine hupotea njiani, kwenye joto la paneli, waya, kontrola (kifaa kinachosimamia kuchaji betri), betri na inveta. Gawanya kwa 0.7, unapata takriban 3260. Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta na jua letu ni zuri, lakini nahesabu saa 4 na nusu tu za jua kamili kwa siku ili mawingu ya Aprili na Mei yasitukwamishe. 3260 gawanya kwa 4.5 ni kama wati 725. Paneli mbili za wati 400 zinatosha, na kidogo kinabaki. Bila friji, paneli moja ya wati 450 inabeba nyumba hiyo.

Tazama feni hapo juu. Ndizo zinazokula karibu sawa na friji. Feni za kisasa zenye mota ya DC hutumia nusu ya umeme huo au pungufu, na kwa joto la Tanga wakati wa kaskazi hakuna atakayelala bila feni. Kabla ya kununua paneli ya tatu, badilisha feni.

Jua na kivuli

Watu husumbuka sana na upande. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini yetu, Desemba linahamia kusini, na mapema Machi na mapema Oktoba linapita karibu utosini. Kwa mwaka mzima upande wa paa unaotazama kaskazini ndio unaofaidi zaidi, lakini ukiwa na paa la mashariki au magharibi usikate tamaa, pengo si kubwa kwa mahali petu. La muhimu ni kwamba paneli zilizoungwa mnyororo mmoja zitazame upande mmoja, na zisilale bapa kabisa. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha mvua kuziosha. Mapaa yetu ya zamani yana mwinamo zaidi ya huo, kwa hiyo fuata paa lilivyo, usijenge fremu ya kuinua paneli juu ya bati, upepo utaikamata.

Kivuli ndicho adui. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, kwa hiyo jani moja la mnazi likitia kivuli kwenye kona, theluthi ya paneli inaweza kuacha kuzalisha. Simama uani saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri, uangalie vivuli vya mwarobaini, mwembe, tangi la maji na nguzo za umeme. Kumbuka pia kuwa kivuli cha Juni kinaangukia kusini mwa mti na cha Desemba kaskazini mwake, kwa hiyo mti ambao leo hauna neno unaweza kukusumbua miezi sita ijayo. Angalia na kiwanja cha jirani: Ngamiani nyumba za chini zinageuka ghorofa kila siku. Mnazi ulioinamia paa ni habari nyingine kabisa. Nazi ikianguka kwenye kioo cha paneli hakuna dhamana itakayokulipa.

Kununua bila kuuziwa maandishi

Jua la saa sita hutoa kama wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za sasa hugeuza asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Maana yake mita moja ya mraba ya paneli haiwezi kutoa zaidi ya wati 220 hivi. Nenda dukani na futikamba. Paneli ya wati 400 ina urefu wa kama mita 1.72 na upana wa mita 1.13, na uzito wa kilo 21 au 22. Ukioneshwa paneli yenye upana wa sentimita 67 na urefu wa mita moja iliyoandikwa wati 300, irudishe, hakuna jua la kuifikisha huko. Tafuta alama ya TBS, dai risiti ya EFD, na soma volti na ampea nyuma ya paneli kabla ya kulipa.

Betri. Matumizi ya usiku ya familia yetu, pamoja na nusu ya friji na kile kinachopotea kwenye inveta, ni kama wati-saa 2030. Betri za asidi ya risasi usizishushe chini ya nusu, la sivyo zinakufa mapema, kwa hiyo utahitaji nne za volti 12 ampea-saa 100, zikiungwa mbili mbili zitoe volti 24. Betri ya lithiamu aina ya LFP inavumilia kutolewa asilimia 80 na zaidi, hivyo moja ya volti 25.6 ampea-saa 100 inafanya kazi ile ile. Ni ghali siku ya kununua. Lakini joto letu linaua betri za risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu, na mimi sasa nawashauri watu wachange zaidi kidogo wachukue lithiamu.

Kwa mfumo huu wa volti 24, chukua kontrola ya MPPT, yaani aina inayovuna umeme zaidi kutoka kwenye paneli, ya ampea 40 inayopokea walau volti 100 kutoka kwenye paneli, na inveta ya wati 1500 hadi 2000 ya wimbi safi (inayotoa umeme laini kama wa TANESCO), iliyo na uwezo wa kuvumilia mshtuko wa friji inapoanza kuunguruma.

Sasa vitu vidogo, na hapa usibane mkono. Karibu na bahari, bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki huanza kutoa kutu mapema, na ikigusana na reli ya alumini inayoshika paneli penye unyevu wa chumvi inaliwa haraka zaidi. Nunua bolti, nati na skrubu za chuma cha pua, daraja la 316 ukilipata. Nenda dukani na sumaku. Ikinasa kwa nguvu kwenye bolti unayoambiwa ni ya chuma cha pua, mwachie mwenye duka bolti zake.

Kufunga reli na paneli

Chagua msimu. Januari na Februari, au kuanzia Julai baada ya mvua kuisha, ingawa kusi ikivuma usipandishe paneli kabisa. Paneli ya mita mbili za mraba mikononi mwa mtu mmoja juu ya bati ni tanga la ngalawa.

Uzito si tatizo kubwa. Paneli mbili pamoja na reli ni kama kilo 55, zimesambaa, pungufu ya fundi mmoja aliyesimama hapo. Tatizo ni kunyanyuliwa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kama kilomita 108 kwa saa, unaweza kuivuta paneli moja kwenda juu kwa nguvu ya karibu kilo 100. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia tulikumbushwa sote wa pwani kwamba upepo wa namna hiyo unaweza kutufikia. Bolti haikai hapo kwa ajili ya kubeba paneli, inakaa kwa ajili ya kuizuia isiruke na bati lako.

Ndiyo maana usifunge reli kwenye bati peke yake. Kila mguu wa reli uingie kwenye mbao nzima, ile yenye tiki ya chaki. Kwa paneli mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu, tumia reli mbili za mita 2.4 zilizolala sambamba na pau, kila moja juu ya pau yake, zikiachana kama mita moja. Kila reli iwe na miguu mitatu, yote sita ikiangukia pale pau inapokatana na kenchi. Kenchi zikiwa zimeachana sana, au pau ikiwa fito nyembamba, ingiza mbao mpya ya 2 kwa 4 iliyotiwa dawa kwa ndani, ishike kenchi tatu, kisha tumia bolti ndefu inayopita hadi chini na kufungwa kwa nati na washa pana. Boriti ya mkoko ni ngumu na hupasuka. Itoboe kwanza kwa drili nyembamba kuliko bolti, ndipo ukaze.

Kaa mbali na kingo. Acha walau sentimita 30 kutoka ukingo wa paa na kutoka mgongoni, kwa sababu hapo ndipo upepo unapovuta zaidi.

Kutoboa bati kuna adabu yake. Toboa juu ya mgongo wa bati, kamwe usitoboe bondeni kunakopita maji. Futa vipande vyote vya chuma vilivyotoka kwenye tundu kwa brashi laini, maana kila chembe inayobaki itapata kutu na kuanzisha tundu jipya. Safisha kwa kitambaa kikavu. Zungushia silikoni ya nje kuzunguka tundu kabla ya bolti, si baada yake, halafu shusha bolti yenye raba nene ya EPDM. Kaza hadi raba ianze kutokeza kidogo pembeni, kisha acha. Fundi anayekaza mpaka raba ipasuke na mgongo wa bati ubonyee ametengeneza kikombe cha kukusanya maji. Hii ni kazi ya dakika kumi kwa kila bolti, na zote sita zinastahili muda huo.

Miguu ikishakaa, funga reli, pima kwa uzi kama zimenyooka, kisha pandisha paneli moja moja kwa kamba mbili, watu wawili chini na wawili juu. Usiiburute kwenye bati. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati. Saa saba mchana paneli inaweza kufika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja juu ya 25 inapunguza kama asilimia 0.35 ya nguvu yake. Hewa ikipita chini, unarudishiwa sehemu ya hicho kilichopotea, na chumba cha chini kinapata kivuli.

Waya, breka na ethi

Kabla ya kuunga waya wowote, funika paneli kwa turubai nene. Paneli haina swichi; jua likiwaka inatoa umeme. Mbili zikiungwa mfululizo zinafika volti 74 hivi, na cheche ya umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa paneli na betri) haizimiki yenyewe kama ya TANESCO, huendelea kuwaka na kuyeyusha. Kwa sababu hiyo hiyo breka ya AC (ya umeme kama wa TANESCO) usiifunge upande wa paneli au wa betri, hata kama ndiyo iliyopo dukani. Sema unataka breka ya DC, na usome alama kwenye ubavu wake.

Tumia waya wa sola wa milimita za mraba 6 kutoka paneli hadi kontrola, na plagi za MC4 (zile za kuungia waya za paneli) za aina moja pande zote mbili. Plagi za watengenezaji tofauti huonekana zimeingiana lakini hupata joto. Usitoboe bati kupitisha waya. Uteremshe ukingoni, uache uning'inie kidogo chini ya sehemu unapoingilia ili maji yadondokee hapo, kisha upite ndani ya bomba la PVC, maana panya wa darini hawachagui cha kutafuna.

Kati ya betri na inveta waya uwe mfupi, chini ya mita mbili, wa milimita za mraba 25, na fyuzi ya DC ya ampea 100 iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili tu, bila ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), na baadhi ya nyaya hizo mpira wake umekauka kiasi cha kupukutika ukiukunja. Usiunge inveta kwenye nyaya hizo. Vuta mpya angalau kwa taa, feni na soketi zitakazotumia sola. Zika fimbo ya ethi ya mita 1.2 au zaidi uani, mahali penye unyevu kama karibu na bomba au migomba, kwa kuwa udongo wetu hukauka sana wakati wa kaskazi. Unga fremu za paneli, reli na bodi ya inveta kwenye fimbo hiyo hiyo.

Kama nyumba ina LUKU, sehemu ya kukutanisha sola na TANESCO ipite kwenye swichi ya kubadilishia, na kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Umeme wa inveta ukirudi kwenye laini ya mtaa wakati umeme umekatika, unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Inveta na betri kwenye ukuta wa zamani

Inveta ya kilo 12 haishikiwi na skrubu nne kwenye ukuta wa udongo. Tafuta miti ya ukuta kwa kugonga, funga ubao wa inchi moja na nusu kutoka mti hadi mti, kisha inveta ishikwe na ubao. Kwenye ukuta wa mawe na chokaa, chokaa ya zamani hupukutika drili ikiingia. Chagua katikati ya jiwe, siyo kwenye maungio, na tumia plagi ndefu. Ukuta ukiwa na shaka, tengeneza meza ya chuma isimame sakafuni.

Betri zisikae darini wala chumba cha kulala. Za asidi hutoa gesi ya hidrojeni zinapochajiwa na zinataka dirisha. Korido upande wa uani panafaa, juu ya kichanja cha mbao ili zisiguse sakafu yenye unyevu, na mbali na mikono ya watoto.

Kuwasha

Fuata mpangilio huu. Pima kwa multimita kwamba chanya ni chanya. Unga betri kwenye kontrola kwanza, ipangie aina ya betri uliyonayo, ndipo uondoe turubai na uwashe breka ya paneli. Washa inveta bila mzigo, pima volti 230 kwenye soketi, kisha ongeza kifaa kimoja kimoja, friji ikiwa ya mwisho. Shika viungo vya waya kwa nje baada ya nusu saa. Kilicho cha moto hakikukazwa. Siku ya kuzima, anza na paneli na umalizie na betri.

Baada ya hapo

Kunguru wa Tanga watazipenda paneli zako. Kinyesi chao kikikaukia juu ya seli ni kivuli kama kivuli kingine. Osha alfajiri paneli zikiwa za baridi, kwa maji baridi na kitambaa laini, bila sabuni ya unga na bila steliwaya. Kisima chako kikiwa cha maji chumvi, tumia ya bomba au ya mvua, maana chumvi hubaki juu ya kioo maji yakikauka. Angalia pia chini ya paneli kama hawajaanza kujenga kiota. Vijiti vikavu na waya za umeme havifai kukaa pamoja.

Kaza bolti kabla ya kusi na tena kabla ya masika. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, panda darini na tochi ikiwa bado inanyesha, uzipitie zile bolti sita moja moja kwa kugusa mbao kwa kiganja pale bolti inapotokea. Penye unyevu weka alama ya chaki, ungoje siku mbili tatu za jua, ufungue bolti hiyo, usafishe, ubadilishe raba na silikoni, uirudishe. Usimkubalie mtu apake lami juu yake. Itakauka, itapasuka, na maji yatakuwa yanaingia mahali usipopaona.